Mazoezi ya Ulimi na Koo kwa Wanaokoroma: Yanavyofanywa, Yanachoweza na Yasichoweza



Katika ploti nyingi za Kabiria, huku Dagoretti magharibi mwa Nairobi, nyumba ni chumba kimoja na ukuta ni mabati. Mtu akikohoa chumba cha tatu unamsikia, sembuse akikoroma. Wenzetu waliotoka Mombasa, Malindi na Lamu wakaja kupanga huku kwa ajili ya kazi wanalijua jambo hili vizuri. Kule nyumbani, aliyechoshwa na mkoromo wa mwenziwe huchukua mkeka akaenda ukumbini au barazani. Huku hakuna pa kwenda. Mke anakesha, watoto wanaamka, jirani anagonga ukuta, na asubuhi mwenye kukoroma anaamka hana habari, anauliza kwa nini watu wamenuna.

Tumezoea kulicheka jambo hili. Lakini mkoromo umevunja raha ya ndoa nyingi, na kwa baadhi ya watu ni dalili ya maradhi yanayopandisha presha na kumfanya dereva asinzie akiwa ameshika usukani. Makala haya yanaeleza mkoromo unatoka wapi, mazoezi ya ulimi na koo ambayo yamepimwa na madaktari, namna ya kuyafanya nyumbani bila gharama, na mpaka wake ni upi.

Sauti inatoka wapi

Pitisha ncha ya ulimi juu ya kinywa chako kutoka kwenye meno ya mbele kurudi nyuma. Mbele utahisi mfupa: hilo ni kaakaa gumu. Ukirudi nyuma zaidi mfupa unakwisha, inabaki nyama tupu: hilo ni kaakaa laini. Mwisho wake pananing'inia kile kinyama kidogo tunachokiita kimio, au kilimi. Nyuma ya hapo ndipo koromeo lilipo, njia ya nyama ambayo haina mfupa wa kuishikilia. Inabaki wazi kwa sababu misuli inaishika.

Mtu akilala, misuli yote ya mwili inalegea, na hii ya koo pia. Shina la ulimi linarudi nyuma, kaakaa laini linashuka, njia inakuwa nyembamba. Hewa ikipita kwa nguvu mahali pembamba, nyama zile zinapepea kama tanga lililolegea kwenye upepo. Kupepea huko ndiko kukoroma.

Kila kinachoifanya njia iwe nyembamba zaidi au misuli ilegee zaidi huongeza sauti. Mafuta yaliyojaa shingoni kwa unene. Pua iliyoziba kwa mafua, vumbi au moshi. Kulala chali, kwa sababu ulimi unaangukia nyuma. Pombe na dawa za usingizi, kwa sababu zinalegeza misuli kupita kiasi. Sigara, kwa sababu inavimbisha nyama za koo. Umri nao una sehemu yake, kwani misuli ya mzee si ya kijana.

Kukoroma tu, na kukatika pumzi

Kuna mkoromo wa kawaida, ambao unasumbua masikio ya wengine lakini hewa inapita. Na kuna ule ambao njia inafunga kabisa. Mtu anakoroma kwa nguvu, ghafla kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii. Baada ya sekunde kadhaa anashtuka kwa mguno kama mtu aliyezuka majini, anavuta pumzi, kisha mkoromo unaanza upya. Haya ni maradhi ya kukatika pumzi usingizini.

Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea mara 5 mpaka 15 kwa saa, maradhi ni madogo. Mara 15 mpaka 30 ni ya kati. Zaidi ya 30 ni makali. Fikiria mtu anayekabwa mara 30 kila saa, kwa saa saba, kila usiku. Hata akilala kutoka Isha mpaka Alfajiri anaamka amechoka, kichwa kinauma, mdomo umekauka. Mchana anasinzia mahali popote anapotulia: kwenye matatu, mbele ya televisheni, Ijumaa khutba ikiendelea. Kila kukabwa huko kunashusha oksijeni mwilini na kuushtua moyo, na ndiyo maana maradhi haya yanaandamana na presha, maradhi ya moyo na kiharusi.

Kuna maswali manane ambayo yalitungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka wa 2008, na yanatumika duniani kote kumpima mtu kabla hajafika kwenye mashine. Jihesabie nukta moja kwa kila jibu la ndiyo:

1. Unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa?
2. Unahisi uchovu au usingizi mchana mara kwa mara?
3. Kuna mtu aliyekuona ukikatika pumzi ukiwa umelala?
4. Una presha, au unatumia dawa zake?
5. Uzito wako ni mkubwa sana kwa kimo chako? Gawa kilo zako kwa kimo chako kwa mita, kisha gawa tena kwa kimo hicho hicho. Ikizidi 35, jibu ni ndiyo. Kwa mtu wa mita 1.65, hiyo ni kama kilo 96 kwenda juu.
6. Umri wako umezidi miaka 50?
7. Mzunguko wa shingo yako umezidi sentimita 40?
8. Wewe ni mwanamume?

Nukta 0 mpaka 2, uwezekano wa maradhi ni mdogo. Nukta 3 au 4, ni wa kati. Nukta 5 kwenda juu, ni mkubwa, na mtu huyo mahali pake ni kwa daktari kwanza, mazoezi baadaye.

Mazoezi yamepimwa vipi

Fikra yenyewe ni nyepesi. Ikiwa mkoromo unatokana na misuli iliyolegea, na misuli ya mkono inakakamaa kwa kubeba mizigo, basi misuli ya ulimi na koo nayo inaweza kukazwa. Waliolipima jambo hili kwa makini mapema ni wataalamu wa São Paulo, Brazili. Mwaka wa 2009 walichapisha utafiti wa wagonjwa 31 wenye maradhi ya kukatika pumzi ya kiwango cha kati. Kundi moja lilifanya mazoezi ya ulimi na koo kwa dakika 30 kila siku, miezi 3. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kuvuta pumzi na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Waliofanya mazoezi ya ulimi walikuwa wakikatika pumzi mara 22 kwa saa, wakashuka mpaka mara 14 hivi. Ni upungufu wa asilimia 39. Shingo zao zilipungua kwa takriban sentimita moja ingawa uzito wao haukubadilika. Kundi la pili halikupata nafuu hiyo.

Mwaka wa 2015 watu wa São Paulo walirudi na utafiti mwingine, safari hii kwa watu 39 wenye mkoromo wa kawaida au maradhi madogo mpaka ya kati. Walifupisha mazoezi yakawa dakika 8, mara 3 kwa siku. Badala ya kutegemea maneno ya mke au mume, waliurekodi mkoromo kwa mashine. Baada ya miezi 3, idadi ya mikoromo ilipungua kwa asilimia 36 na nguvu ya sauti kwa jumla ikapungua kwa asilimia 59.

Wengine wameingia kwa mlango wa muziki. Uswisi, mwaka wa 2006, watu 25 walifuatiliwa kwa miezi 4, baadhi yao wakifundishwa kupuliza didgeridoo, lile baragumu refu la wenyeji wa Australia. Waliopuliza walipungukiwa na usingizi wa mchana, na wenzao wa kitandani wakasema wanalala vizuri zaidi. Exeter, Uingereza, watu waliimba mazoezi maalumu ya sauti dakika 20 kila siku kwa miezi 3, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha mkoromo umepungua. Marekani mwaka wa 2012 ilionekana kwamba wanamuziki wanaopuliza ala za matete mawili wana hatari ndogo zaidi ya maradhi haya kuliko wenzao. Sisi tuna zumari, nayo ni ala ya matete mawili, na mpiga zumari hodari huvuta pumzi puani huku mashavu yanaendelea kusukuma hewa bila sauti kukatika. Wazee wetu walipiga kwa ajili ya harusi na ngoma, lakini kazi waliyokuwa wakiipa misuli ya koo haikuwa ndogo.

Sasa tuseme ukweli wote. Tafiti hizi ni za watu wachache. Mwaka wa 2020 wachunguzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, walipata tafiti 9 tu zenye watu 347, wakasema ushahidi unaelekea upande wa nafuu lakini bado si wa nguvu. Hivyo anayekuuzia mazoezi haya kwa ahadi ya kupona kwa wiki moja anakudanganya. Kwa upande mwingine, hayana gharama, hayana sumu, na hayahitaji kifaa. Ni vigumu kupata tiba yenye hasara ndogo namna hii.

Mazoezi yenyewe

Haya ndiyo yaliyotumika katika utafiti wa 2015. Kaa wima, pumua kwa pua, na ikiwezekana tumia kioo siku za mwanzo.

La kwanza, kutelezesha ulimi. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu ya mbele, bonyeza kwenye kaakaa, kisha itelezeshe ikirudi nyuma mpaka mwisho wa kaakaa gumu. Rudia mara 20.

La pili, kunyonya ulimi juu. Bandika ulimi wote, kutoka ncha mpaka nyuma, kwenye kaakaa, kama anayetaka kualiza ulimi lakini hauachii. Bonyeza, shikilia kidogo, achia. Mara 20.

La tatu, kushusha shina la ulimi. Ncha ya ulimi iguse meno ya chini ya mbele na isiondoke hapo. Kisha lisukume shina la ulimi chini, kuelekea sakafu ya kinywa. Mara 20. Hili ndilo gumu kwa wengi, na wengine huhisi kutaka kutapika siku za mwanzo. Anza mara 5, ongeza polepole.

La nne, kunyanyua kaakaa laini. Fungua mdomo mbele ya kioo na useme "aa". Utaona kimio kinapanda. Kazi yako ni kukipandisha kwa nguvu, kukiachia, kukipandisha tena. Mara 20. Baada ya wiki kadhaa utaweza kukipandisha bila kutoa sauti.

La tano, mashavu. Nawa mikono. Ingiza kidole cha shahada ndani ya shavu, lisukume shavu nje, kisha lifanye shavu likibane kidole kurudi kwenye meno. Mara 10 kila upande.

La sita, wakati wa kula. Tafuna kwa pande zote mbili kwa zamu, tonge hili kulia, lile kushoto. Unapomeza, ulimi uwe juu kwenye kaakaa, meno yamefungana, na midomo isijikaze. Hili halina hesabu. Ni tabia ya kila mlo.

Kuna na la kupuliza puto, lililokuwa katika utafiti wa 2009: vuta pumzi ndefu kwa pua, puliza kwa nguvu, na urudie mara 5 bila kulitoa puto mdomoni. Puto la shilingi chache la watoto linatosha, ila mwenye maradhi ya mapafu, moyo au ngiri amuulize daktari kwanza.

Aliyepita madrasa ana akiba

Msomaji aliyesoma tajwidi atakuwa amekwisha kutambua kitu. Maalimu alipotukalisha juu ya mkeka akatufundisha makharij, alikuwa akitufundisha ramani ya viungo hivi hivi. Matokeo makuu ya herufi ni matano: uwazi wa kinywa na koo, koo, ulimi, midomo miwili, na pua. Ibn al-Jazari akayagawa yakawa 17. Hamza na haa ya mwisho zinatoka chini ya koo, ain na haa nzito katikati yake, ghain na khaa juu yake. Qaf inatoka pale shina la ulimi linapokutana na kaakaa laini.

Sisemi kwamba kusoma Qur'ani ni dawa ya mkoromo. Sijaona utafiti uliopima hilo, na Kitabu kina heshima yake isiyohitaji kupambwa. Ninachosema ni kwamba mtu akiambiwa "nyanyua kaakaa laini" asielewe, akiambiwa "tamka qaf, ukae palepale kabla hujaiachia" ataelewa mara moja ni nyama ipi. Na anayeambiwa "legeza kaakaa" atamke ghunna ya nuni, sauti ipite puani, ahisi lile kaakaa limeshuka. Wazazi wetu waliotuchapa kwa kusema "gali" badala ya "ghali" walituachia koo linalojua kufanya kazi.

Namna ya kupanga siku

Dakika 8 mara 3 kwa siku ni rahisi kuzisema, ngumu kuzidumisha. Wengi huacha wiki ya pili. Njia nyepesi ni kuyafunga na jambo ambalo tayari hulikosi. Ukishaswali Alfajiri, kabla ya kuondoka kwenda kazini, awamu ya kwanza. Baada ya Adhuhuri au wakati wa chakula cha mchana, ya pili. Baada ya Isha, ya tatu. Mlinzi wa usiku anayelala mchana azipange kwa saa zake za kuwa macho. Dereva asifanye akiwa anaendesha. Mwezi wa Ramadhani, panga baada ya Magharibi, baada ya Tarawehe na baada ya daku, ili usiingie katika shaka ya kutia kidole kinywani mchana wa funga.

Usitarajie kitu mwezi wa kwanza. Tafiti zote hizi zilipima baada ya miezi 3 au 4. Na usijipime mwenyewe, kwa sababu aliyelala hajisikii. Weka simu kando ya mto irekodi saa moja usiku wa kwanza kabla hujaanza, kisha urekodi tena kila mwisho wa mwezi kwa umbali uleule. Au muulize mwenzako, naye akujibu kwa haki, bila kukutia moyo wala kukukomoa. Ukipata nafuu usiache kabisa. Misuli ya koo ni kama misuli mingine: ukiiacha, inalegea.

Vinavyosaidia pamoja na mazoezi

Kulala ubavu. Wengi wanaokoroma wakilala chali hutulia wakigeuka. Sunna ya kulala ubavu wa kulia tunaijua, na hapa ina faida ya kuonekana. Anayegeuka chali usingizini aweke mto mgumu mgongoni.

Kupunguza uzito, kwa aliyezidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba anayepungua asilimia 10 ya uzito anatarajiwa kupungukiwa na kukatika pumzi kwa asilimia 26, na anayeongezeka asilimia 10 anatarajiwa kuzidishiwa kwa asilimia 32. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 10 ni kilo 9. Sisi watu wa wali wa nazi na mahamri tunajua pa kuanzia, hasa kile chakula cha saa nne usiku kinachofuatwa na kitanda.

Kufungua pua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huziba pua za waliozoea joto la pwani. Maji ya chumvi yanasaidia: robo mpaka nusu ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Zingatia neno kuchemshwa. Karachi, Pakistani, watu wamefariki kwa kimelea kinachoitwa Naegleria fowleri kilichoingia puani na maji yasiyotiwa dawa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetawadha kwa maji ya tangi asiyoyajua asiyavute kwa nguvu mpaka ndani. Na jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unavimbisha pua, na hewa yake yenye sumu inaua kimya kimya.

Kuacha pombe na sigara hakuhitaji maelezo kwa msomaji wetu. Lakini miraa na muguka nazo zina lao. Kuna wanaodhani kutafuna usiku kucha ni mazoezi ya taya. Kinachotokea ni kwamba mtu anakosa usingizi, na siku anayolala analala usingizi mzito wa deni, misuli imelegea zaidi, na mkoromo unazidi.

Mazoezi yasichoweza

Hayanyooshi mfupa wa pua uliopinda. Hayaondoi nyama zilizoota puani. Hayamfai mtoto ambaye mafindofindo yake yamejaa koo. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anahangaika kitandani na mchana hatulii darasani, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa maana tiba yake mara nyingi ni ya kuondoa kizuizi hicho.

Hayachukui nafasi ya mashine ya kusukuma hewa, ile ambayo Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka wa 1981. Mwenye maradhi makali aliyepewa mashine hiyo asiiache kwa sababu amesoma makala haya. Afanye mazoezi pamoja nayo, na daktari ndiye aamue.

Na kuna jambo moja lazima lisemwe wazi. Kukata kimio kwa mganga wa mtaani, desturi iliyoko Tanzania na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, si tiba ya mkoromo wala ya kikohozi. Kisu kisichosafishwa kinaleta damu isiyosimama, pepopunda, na maambukizi ya UKIMWI. Watoto wamepoteza maisha kwa hilo. Upasuaji wa kaakaa upo hospitalini, hufanywa kwa dawa ya usingizi na kwa mgonjwa aliyechunguzwa, na hata huko si wa kila mtu.

Lini kwenda hospitali

Nenda ikiwa umeonekana ukikatika pumzi, ikiwa unasinzia mchana bila kutaka, ikiwa presha haishuki licha ya dawa, au ikiwa nukta zako katika maswali manane zimefika 5. Mama mjamzito aliyeanza kukoroma ghafla aliseme kliniki, hasa kama presha yake imepanda. Kwa anayekaa Kabiria, hospitali za umma za kuanzia ni Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kwa aliye nyumbani, ni Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Omba kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, na uende na yule anayelala nawe chumba kimoja, kwa sababu yeye ndiye shahidi. Kama una rekodi ya simu, ichukue.

Dereva wa matatu, lori au bodaboda anayejijua anasinzia njiani, neno hili ni lake zaidi. Usingizi wa sekunde tatu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mita 60 za barabara bila mtu kwenye usukani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hakimuumbui peke yake; kinachukua na abiria.

Kwa mke au mume anayekesha, neno langu ni dogo. Anayekoroma hakusudii. Kumdhihaki mbele ya watu humfanya afiche, na anayeficha hatibiwi. Mwambie mchana, mkiwa wawili, kwa upole, ulichokisikia na ulichokiona. Kisha msimamie kwenye kioo, mhesabiane mara 20. Dakika nane si nyingi, na usiku wa Kabiria ni mrefu kwa asiyelala.

Wabillahi tawfiq.